NetworkX, igraph, Gephi au Neo4j: uchague ipi kwa mtandao wenye mishale?

Kuna faili moja dogo ambalo kila anayejifunza uchambuzi wa mitandao hukutana nalo siku moja. Linaitwa wiki-Vote, na limewekwa hadharani na mradi wa SNAP wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ndani yake mna kura za watumiaji wa Wikipedia hadi Januari 2008, walipokuwa wakiamua nani apewe madaraka ya usimamizi. Lina nodi 7,115, yaani watumiaji, na mishale 103,689, yaani kura. Kila mstari una namba mbili tu: aliyepiga kura, kisha aliyepigiwa.

Watazame wawili kati yao. Mtumiaji 4037 alipigiwa kura na watu 457, na hakuna aliyemzidi. Mtumiaji 2565 aliwapigia kura watu 893, na hapo pia hakuna aliyemzidi. Ukiendesha PageRank, algoriti inayompa mtu uzito kufuata uzito wa wanaomwelekezea, 4037 anakaa kileleni. Ukiendesha HITS, algoriti ya Jon Kleinberg inayotenganisha wanaoelekeza na wanaoelekezewa, 2565 anaongoza upande wa kwanza, na upande wa pili wanaongoza 2398 na 4037. Sasa ondoa mishale, bakiza mistari mitupu, kisha uliza nani ana miunganisho mingi. Anayejitokeza mbele ni 2565. Mpiga kura hodari amegeuzwa kuwa mgombea mashuhuri, na hakuna hata hesabu moja iliyokosewa.

Ndiyo maana nikiulizwa nitumie programu gani kuchambua mtandao wenye mishale, siangalii kasi kwanza. Naangalia programu hiyo inaupoteza mshale wapi. Kila moja kati ya hizi nne ina mlango wake ambamo mshale hupotelea pasipo mtu kujua, na ukishaujua mlango huo, mambo mengine yote unaweza kuyapima kwa utulivu.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima kwa mambo manne. La kwanza ni hilo la mshale: inautunza vipi, na unaweza kupotea wapi. La pili ni mzigo: inabeba data kiasi gani kwenye kompyuta ya kawaida, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, si seva ya kampuni. La tatu ni kuingia kazini: tangu unaposakinisha hadi unapopata jibu la kwanza, unapitia nini. La nne ni nani hasa inamfaa. Bei nimeiacha, kwa kuwa zote nne zina toleo la bure linalotosha kujifunzia na kufanyia kazi ya kweli.

Neno moja nitalirudia, basi nilieleze hapa. Kundi la kufikiana ni nodi ambazo kila moja inaweza kuifikia nyingine yoyote kwa kufuata mishale, kwenda na kurudi. Kwenye wiki-Vote kundi kubwa la aina hiyo lina nodi 1,300. Ukipuuza mwelekeo, kundi kubwa linakuwa na nodi 7,066. Tofauti hiyo ina maelezo yake: watumiaji 4,734 walipiga kura na wenyewe hawakupigiwa hata moja. Mishale inatoka kwao, hairudi. Ukiripoti kwamba karibu mtandao wote ni kundi moja, umewafuta watu hao kwenye hadithi.

NetworkX

Ni maktaba ya lugha ya programu ya Python. Aric Hagberg, Dan Schult na Pieter Swart walianza kuiandika mwaka 2002, ikatolewa hadharani 2005. Wengi wetu tuliingilia hapa.

*Mshale.* NetworkX ina aina tofauti za grafu, na unachagua mwenyewe: Graph haina mwelekeo, DiGraph inao, na MultiDiGraph inaruhusu mishale mingi kati ya nodi mbili zilezile, kama mtu aliyemtumia mwenzake fedha mara tano. Mlango wa kupotelea uko kwenye kusoma faili. Amri ya read_edgelist, usipoiambia lolote, hutengeneza Graph. Haitoi onyo. Mara ya kwanza nilipoisoma wiki-Vote hivyo, nilihesabu nodi nikapata 7,115 kamili, nikaridhika nikaendelea. Mishale karibu elfu tatu ilikuwa imekwisha kumezwa, yote ya watu waliopigiana kura wao kwa wao, na iliyobaki ilikuwa mistari tu. Nilishtuka nilipomwona 2565 juu ya orodha ya watu mashuhuri. Dawa yake ni fupi: andika create_using=nx.DiGraph, kisha uulize G.is_directed() kabla ya kuhesabu chochote.

Ukishapita hapo, NetworkX ni mwaminifu kuliko zote. Ukiiomba connected_components kwenye DiGraph inakataa kwa kosa la wazi, na kukulazimisha useme kama unataka makundi yanayojali mwelekeo au yasiyojali. Napenda sana programu inayokataa kubahatisha kwa niaba yangu. Jambo moja la kukumbuka ni kipimo cha ukaribu: kwenye DiGraph, NetworkX hupima umbali wa kuingia, yaani wengine wanaifikiaje nodi hii. Ukitaka umbali wa kutoka, geuza grafu kwanza kwa G.reverse().

*Mzigo.* Hapa ndipo inapochoka. Grafu yote imejengwa kwa kamusi za Python ndani ya kamusi, kwa hiyo kila mshale unakula nafasi kubwa. Chukua kipimo cha nani anapitiwa na njia fupi nyingi zaidi. Algoriti ya Ulrik Brandes ya mwaka 2001, ambayo karibu kila programu huitumia, huhitaji hatua zinazokua kwa kuzidisha idadi ya nodi kwa idadi ya mishale. Kwa wiki-Vote hiyo inaweza kufika milioni 738. Utasubiri dakika kadhaa, lakini utapata jibu. Kwa web-Google, faili jingine la SNAP lenye kurasa 875,713 na viungo 5,105,039, kuzidisha huko kunafika zaidi ya trilioni 4. Hapo usijaribu hesabu kamili. Tumia kigezo cha k, kinachochukua sampuli ya nodi.

*Kuingia kazini.* Amri moja ya pip, na iko tayari. Maelezo yake ni mazuri, na kila swali utakalokutana nalo kuna aliyewahi kuliuliza.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi, mtafiti mwenye mtandao wa maelfu au makumi elfu ya nodi, na yeyote anayetaka kuona algoriti inafanya nini ndani, kwa sababu msimbo wake unasomeka.

igraph

Hii ilianzishwa na Gábor Csárdi na Tamás Nepusz wa Hungaria, waliochapisha makala yake mwaka 2006. Kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C, na unaitumia kupitia R, lugha ya takwimu, au Python.

*Mshale.* Mlango wa kupotelea hapa si mmoja, ni mazoea yasiyofanana. Kwenye Python, ukijenga grafu kwa Graph.TupleList inaanza bila mwelekeo. Ukiijenga kwa Graph.DataFrame inaanza na mwelekeo. Maktaba ileile, data ileile. Jizoeze kuandika directed=True kila mara, hata pale usipohitajika.

Vipimo navyo vina tabia hiyo. Ukiomba degree (idadi ya miunganisho) au closeness (ukaribu) bila kutaja upande, igraph ya Python huchukua "all", yaani inajumlisha kuingia na kutoka. Kwa hiyo ukaribu wa igraph na ukaribu wa NetworkX, kwa grafu moja yenye mishale, hautalingana, na wala hakuna aliyekosea: mmoja amepima njia za kuingia, mwingine amepuuza mwelekeo. Nimewaona watu wakibishana juu ya matokeo ya namna hii wakidhani kuna hitilafu. Taja mode="in" au mode="out" na ubishi unakwisha. Ukigawa makundi kwa Louvain, njia moja ya kutafuta jamii ndani ya mtandao, kwenye igraph, fahamu kwamba inafanya kazi kwa grafu zisizo na mwelekeo tu. Infomap, njia nyingine ya kugawa makundi, ndiyo inayofuata mishale.

Kuna mtego mwingine, wa namba za nodi. Namba za wiki-Vote hazifuatani; zinaruka-ruka hadi 8297. Ukilisoma faili hilo kwa Read_Edgelist, baada ya kuondoa mistari ya maelezo ya mwanzo inayoanza na alama ya reli (#), igraph itaunda nodi kwa kila namba kuanzia sifuri. Utapata nodi 8,298, na zaidi ya elfu moja kati yake ni mizimu isiyo na mshale wowote. Wastani wote unavurugika. Tumia Read_Ncol, inayozichukua namba hizo kama majina. Kumbuka pia kwamba ukifuta nodi, zilizobaki hupewa namba upya. Fanya kazi kwa majina, usiamini namba.

*Mzigo.* Ile kazi ya dakika kadhaa ya NetworkX inaisha kwa sekunde. Web-Google inakaa bila shida kwenye kompyuta ya gigabaiti 8, na makundi ya kufikiana yanapatikana upesi: kundi kubwa kule lina kurasa 434,818, karibu nusu ya zote.

*Kuingia kazini.* Kusakinisha ni rahisi siku hizi, kwenye R na kwenye Python. Kinachochosha ni kuzoea mtindo wake, na anayehama kati ya lugha hizo mbili akumbuke kwamba kwenye R nodi ya kwanza ni 1, kwenye Python ni 0.

*Inamfaa nani.* Mtumiaji wa R, kwanza kabisa. Kisha yeyote ambaye NetworkX imeanza kumchelewesha, na aliye na nidhamu ya kutaja mwelekeo kila anapopima. Ipo pia graph-tool ya Tiago Peixoto, iliyoandikwa kwa C++ na yenye kasi kubwa, lakini kwa mtumiaji wa Windows kuisakinisha ni shughuli pevu, ndiyo maana sikuiweka kwenye mizani hii.

Gephi

Ilizaliwa Ufaransa, na makala yake ilitoka mwaka 2009. Hii si maktaba. Ni programu yenye dirisha, vitufe na picha. Huhitaji kuandika msimbo.

*Mshale.* Ukiingiza faili la CSV (jedwali la maandishi) lenye safu za Source na Target, yaani mshale unakotoka na unakokwenda, kabla ya kumaliza Gephi inakuonyesha ripoti na kukuuliza aina ya grafu: yenye mwelekeo, isiyo nao, au mchanganyiko. Watu wengi hubonyeza sawa bila kusoma. Hapo ndipo mlango ulipo. Kwenye takwimu inauliza tena kwa kila kipimo, jambo zuri.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye picha. ForceAtlas2, mpangilio unaotumiwa na karibu kila mtu, huzivuta nodi zilizounganika zikaribiane, na mvuto huo haujali mshale unaelekea wapi. Mtu akimwona 2565 amekaa katikati ya picha, atasema ni mkubwa wa mtandao. Mna kigezo ndani yake, Dissuade Hubs, kinachogawanya mvuto kufuata mishale inayotoka, hivyo wanaoelekeza sana wanasukumwa pembezoni na wanaoelekezewa wanabaki katikati. Kiwashe, ulinganishe picha mbili. Kisha ukubwa wa nodi uweke kwa mishale inayoingia, si kwa jumla.

*Mzigo.* Inabeba mtandao wa makumi elfu ya nodi kwa raha. Zaidi ya hapo, hata kompyuta ikivumilia, jicho halioni kitu. Unapata tonge la uzi. Wiki-Vote yenyewe tayari ni tonge mpaka uchuje nodi zenye mishale michache.

*Kuingia kazini.* Saa moja, na una picha. Matoleo ya karibuni yanakuja na Java ndani, kwa hiyo usumbufu wa zamani umekwisha.

*Inamfaa nani.* Mwandishi wa habari, mtafiti wa sayansi ya jamii, mtu wa asasi anayetaka kuwaonyesha wakuu wake mtandao ulivyo. Udhaifu wake ni kwamba kazi ya kubonyeza hairudiwi kirahisi: miezi mitatu baadaye hukumbuki ulichuja vipi. Andika kila hatua pembeni.

Neo4j

Hii ni hifadhidata, ilianzia Sweden, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2010. Lugha yake ya kuuliza ni Cypher, na Cypher ilichangia sana katika GQL, lugha ya kuuliza grafu iliyopitishwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2024. Jina lake lilijulikana zaidi mwaka 2016, wakati wa Panama Papers, nyaraka za siri za kifedha zilizovuja, pale ICIJ, muungano wa kimataifa wa waandishi wa uchunguzi, walipoitumia kuunganisha watu, kampuni na anwani kutoka nyaraka milioni 11.5.

*Mshale.* Ndani ya Neo4j hakuna uhusiano usio na mwelekeo. Kila mmoja lazima uwe na mwanzo na mwisho, na hilo ni faraja. Mlango wa kupotelea ni maandishi yako mwenyewe. Ukiandika (a)-[:ALIPIGIA]->(b) unafuata mshale. Ukisahau kichwa cha mshale ukaandika (a)-[:ALIPIGIA]-(b), swali linapita pande zote mbili. Alama moja tu ya kibodi. Na ukiisahau kwenye MERGE, amri inayounda uhusiano pale tu usipokuwapo, wakati wa kuingiza data, Neo4j ikikuta mshale wa upande mwingine itaona uhusiano tayari upo, haitaunda wa pili. Wale watu waliopigiana kura wao kwa wao wanapotea tena, kwa njia nyingine kabisa.

*Mzigo.* Data inakaa kwenye diski, hivyo haiishii pale kumbukumbu inapoishia. Kwa algoriti kama PageRank kuna maktaba ya ziada, Graph Data Science, ambayo huchukua nakala ya grafu na kuiweka kwenye kumbukumbu. Pale unaweza kuchagua mwelekeo wa asili, wa kinyume, au kuupuuza. Kwa hesabu ya mara moja tu juu ya faili moja, Neo4j ni kuchinja kuku kwa shoka.

Inapong'aa ni kwenye maswali ya njia. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, miamala ya simu imekuwa mtandao wenye mishale unaoujua kila mtu huku kwetu: aliyetuma, aliyepokea, kiasi, saa. Mchunguzi wa udanganyifu anataka fedha iliyotoka kwenye akaunti, ikapita kwenye miamala mitatu hadi mitano, ikarudi palepale. Cypher inalisema kwa mstari mmoja:

MATCH p = (a:Akaunti)-[:ALITUMA*3..5]->(a) RETURN p

Lakini jihadhari. Mstari huo hauangalii saa. Unaweza kukuletea duara ambalo fedha "ilirudi" kabla haijatoka, na mtu asiye na hatia akawekwa kwenye orodha ya washukiwa. Ongeza sharti kwamba kila muamala uwe baada ya uliotangulia. Kwenye kazi inayogusa majina ya watu, sharti hilo si la hiari.

*Kuingia kazini.* Ndefu kuliko zote. Unajifunza lugha mpya, unapanga aina za nodi na mahusiano, na unaweka masharti ya upekee kabla ya kuingiza data, la sivyo MERGE itatambaa. LOAD CSV, amri ya kuingiza faili la CSV, nayo husoma kila kitu kama maandishi. Namba usipozigeuza kwa toInteger, 457 na "457" ni vitu viwili tofauti.

*Inamfaa nani.* Timu yenye data inayoongezeka kila siku na watu wengi wanaoiuliza maswali tofauti.

Kwa hali yako

Unaandika tasnifu na una jedwali la Python lenye wanafunzi, makala au vituo vya mabasi visivyozidi makumi elfu: baki na NetworkX. Usihame kwa sababu umesikia ni ya polepole. Hama siku utakaposubiri kweli.

Unafanya kazi kwa R, au mishale yako imefika mamilioni na bado uko kwenye kompyuta yako mwenyewe: igraph. Andika kipande kidogo cha majaribio chenye mishale mitatu unayoijua kichwani, A kwenda B, B kwenda A, B kwenda C, na uhakikishe kila kipimo kinakupa unachotarajia kabla ya kumwaga data yote.

Unatakiwa kuonyesha, si kuhesabu: Gephi. Ila vipimo vinavyokwenda kwenye ripoti nashauri uvihesabu kwa NetworkX au igraph, uvihifadhi kama safu kwenye faili, ndipo uvipeleke Gephi vikaongoze ukubwa na rangi. Hivi ndivyo ninavyofanya mwenyewe mara nyingi, na swali la "namba hii umeitoa wapi" lina jibu.

Data inaingia kila saa, na maswali yanahusu nani alifikaje kwa nani kupitia wapi: Neo4j. Ikiwa maswali hayo ni mawili tu na data haibadiliki, msimbo mfupi wa igraph utakutosha.

Na kama bado hujui mzigo wako ukoje, pakua wiki-Vote leo, uipakie kwenye ile unayofikiria kuichagua. Utafute namba tatu: nodi 7,115, mishale 103,689, na kundi kubwa la kufikiana lenye nodi 1,300. Zikitoka zote tatu, weka data yako.